Msumbiji: Nani Analilipia Gazeti Huru?

Linapozungumzwa suala la uhuru wa magazeti, wengi wetu hufikiri kwanza juu ya sheria: nani ameruhusiwa kuandika, nani amekatazwa, na nani amefungwa. Ni wachache wanaouliza swali ambalo mama muuza maandazi angeliuliza mara moja, yaani, nani analipa? Karatasi hununuliwa, wino hununuliwa, mwandishi ana watoto wanaotaka kula, na gari la kumfikisha wilayani haliendi kwa maji. Gazeti lisiloweza kulijibu swali hilo kwa fedha zake lenyewe lina uhuru wa kuazima, na kitu cha kuazima mwenyewe anaweza kukitaka siku yoyote.

Leo tunalitazama suala hilo kwa kuiangalia Msumbiji, jirani yetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, kwa muda wa zaidi ya miaka 30 waandishi wake wamejaribu karibu kila njia ya kuendesha gazeti lisilo la serikali, na mafanikio yao pamoja na maanguko yao ni darasa kwa nchi zote zinazoendelea. Pili, mambo makubwa yaliyoandikwa na magazeti hayo, na mengine yaliyopita bila kuandikwa, yaligusa moja kwa moja kazi ya askari na ya polisi. Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu wenye sare wasiupite ukurasa huu kwa kudhani kwamba haya ni mambo ya wenye kalamu peke yao.

GAZETI BILA MTAMBO

Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, vyombo vya habari viliwekwa chini ya uongozi wa dola na chama cha FRELIMO. Gazeti kubwa la kila siku, Notícias, lililoanzishwa mwaka 1926 wakati wa Wareno, liliendelea kutoka likiwa sauti ya dola. Mambo yalibadilika kwa Katiba ya mwaka 1990 na sheria ya magazeti ya mwaka 1991, ambazo ziliwapa raia haki ya kuanzisha vyombo vyao wenyewe. Mlango ukafunguliwa. Lakini nani angeingia? Nchi ilikuwa imechoshwa na vita vya miaka 16, na mkataba wa amani ulitiwa sahihi mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Fedha zilikuwa hakuna, na kuchapa gazeti ni kazi inayodai fedha kila kunapokucha.

Mwaka huo huo wa 1992 kundi la waandishi liliunda ushirika wao likauita Mediacoop. Ushirika huo haukusubiri kupata mtambo wa kuchapia. Ulitumia mashine ya faksi. Gazeti lake la kwanza, Mediafax, ambalo mhariri wake alikuwa Carlos Cardoso, lilikuwa kurasa chache tu zilizopigwa chapa na kupelekwa kwa njia ya simu kila siku ya kazi hadi katika ofisi za wale waliokuwa wamelipa. Hapakuwa na karatasi ya kuagiza, kwa sababu karatasi ilikuwa ya msomaji mwenyewe. Hapakuwa na gari la kusambaza, kwa sababu waya wa simu ndio uliosambaza. Na nakala moja ilipofika ofisini, ilitolewa nakala nyingine, ikapita mikono mingi kabla ya jua kuchwa.

Tuutazame vizuri ufundi wa mpango huo, maana ndani yake ndimo lilimo somo. Waliolipa walikuwa wengi na wa namna mbalimbali: makampuni, balozi, mashirika na ofisi. Kila mmoja alilipa mapema, na alilipa kiasi ambacho hakikumuumiza. Mmoja akikasirishwa na habari fulani akajitoa, gazeti lilipungukiwa lakini halikufa. Mhariri aliweza kumwudhi mlipaji mmoja leo na mwingine kesho, naye bado akalala na kuamka ana gazeti. Juu ya msingi huo ushirika uliweza kuanzisha, mwaka 1994, gazeti la kila wiki la Savana, ambalo lilichapwa na kuuzwa mitaani kama magazeti mengine. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika kazi ya habari methali hiyo ina maana ya pili: kibaba kilichojazwa na wengi hakina mtu mmoja wa kukimwaga.

Hata hivyo, hatuna budi kutaja upungufu wa mpango huo. Mashine ya faksi ilikuwa mali ya wenye ofisi, na wenye ofisi walikuwa Maputo, katika ncha ya kusini ya nchi, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Palma iliyo karibu na mpaka wetu. Aidha, gazeti liliandikwa kwa Kireno, lugha ambayo hata katika sensa ya mwaka 2017 ilikuwa lugha ya kwanza ya watu kiasi cha 17 tu katika kila 100. Njia hiyo ililitosheleza gazeti la wakubwa na wasomi. Haikumfikia mvuvi wa Mocímboa da Praia wala mkulima wa Mueda.

KALAMU NA BASTOLA

Mwaka 1997 Cardoso aliondoka Mediafax akaanzisha gazeti lake mwenyewe, Metical, ambalo nalo lilitoka kwa faksi. Katika Metical alifuatilia kwa miaka wizi wa kiasi cha dola milioni 14 uliofanywa mwaka 1996 katika Banco Comercial de Moçambique. Wizi huo ulifanyika wakati benki hiyo ya dola ikielekea kuuzwa kwa watu binafsi, na kesi yake ilizungushwa hadi watu wakaanza kuisahau. Cardoso hakusahau, na aliwataja watu kwa majina yao.

Jioni ya tarehe 22 Novemba 2000, alipokuwa akitoka ofisini kwa gari mjini Maputo, alipigwa risasi akafa, na dereva wake akaumizwa vibaya. Kesi ya mauaji ilianza kusikilizwa Novemba 2002, na wananchi waliifuata katika radio siku hadi siku. Januari 2003 watu sita walitiwa hatiani. Lakini kiongozi wa genge la wauaji, Aníbal dos Santos Júnior, ajulikanaye kama Anibalzinho, alikwisha kutoroka gerezani kabla kesi haijaanza. Alikamatwa Afrika Kusini, akarudishwa, akatoroka tena mwaka 2004 hadi Kanada. Alirudishwa tena, akahukumiwa upya, na mwaka 2008 akatoroka kwa mara ya tatu, hata akakamatwa tena Afrika Kusini mwaka 2009.

Polisi yeyote anayesoma habari hizi anajua maana yake. Mtu wa namna hiyo hatoroki mara tatu kwa kuruka ukuta peke yake. Fedha zile zile zilizoibwa benki zina uwezo wa kununua funguo. Huku mwandishi akifanya kazi ya upelelezi wa hesabu ambayo ni ya dola, wapo waliovaa sare ya dola wakiuza kazi yao. Aibu ya wachache hao iliwaangukia polisi wote wa Msumbiji, hata wale waliokuwa wakilinda raia usiku na mchana kwa uaminifu.

Lakini liko somo jingine katika msiba huo, nalo ni la fedha. Metical lilifungwa mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya kuuawa kwa mwanzilishi wake. Ushirika wa Mediacoop, ambao Cardoso aliuacha, uliendelea na magazeti yake, kwa sababu ulikuwa na wenye mali wengi, mapato yaliyogawanyika, na wahariri waliopokezana. Gazeti lililosimama juu ya mtu mmoja lilizikwa karibu na mtu huyo. Hapo tunaona kwamba kujitegemea kwa gazeti si suala la mfuko wa fedha tu. Ni suala la chombo chenye mizizi, ambacho muuaji hawezi kukiua kwa risasi moja.

NJIA MOJA YA UGAVI

Kila ofisa wa ugavi jeshini anajua kwamba kikosi chenye barabara moja tu ya kuletewa chakula na risasi ni kikosi kilichokwisha nusu kushindwa. Adui hana haja ya kupigana nacho, atategesha bomu moja barabarani na kungoja. Gazeti nalo ni hivyo hivyo. Hatari kubwa haimo katika uchache wa fedha peke yake. Imo katika kupata fedha zote kutoka mahali pamoja.

Tuchukue matangazo ya biashara. Mwaka 2008 Erik Charas alianzisha mjini Maputo gazeti la @Verdade, ambalo liligawiwa bure katika mitaa ya watu maskini, kiasi cha nakala 50,000, likitegemea walipaji wa matangazo. Lilikuwa jambo la maana sana, kwani kwa mara ya kwanza watu waliokuwa wakipima bei ya gazeti kwa bei ya mkate walipata gazeti lao mkononi. Lakini katika nchi yenye makampuni machache, watangazaji wakubwa ni serikali yenyewe, mashirika yake, mabenki na makampuni ya simu. Wote hao wanafahamiana. Simu moja ya mkubwa mmoja yaweza kuondoa matangazo ya mwezi mzima, wala hakuna sheria iliyovunjwa, wala hakuna mhariri aliyefungwa. Baadaye @Verdade liliacha kuchapwa kwenye karatasi, likabaki katika intaneti.

Tuchukue sasa wafadhili wa nje. Fedha zao zimefanya mema mengi Afrika: zimefundisha waandishi, zimenunua mashine, zimelipia safari ambazo gazeti maskini lisingeziweza. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Shirika la Waandishi Wasio na Mipaka lilieleza kwamba miongoni mwa fedha zilizosimamishwa zilikuwamo zaidi ya dola milioni 268 zilizotengwa kwa mwaka huo kusaidia vyombo huru vya habari katika nchi mbalimbali. Uamuzi ulifanyika Washington kwa sababu za Washington, na hakuna mhariri hata mmoja wa Afrika aliyeulizwa. Hivyo ndivyo barabara moja inavyokatwa.

Je, maana yake ni kwamba msaada usitolewe? La hasha! Maana yake ni kwamba msaada mzuri ni ule unaomfanya aliyesaidiwa asiuhitaji tena. Uko mfuko mmoja, ulioanzishwa mwaka 1995 na ambao sasa unaitwa Media Development Investment Fund, ambao badala ya kutoa zawadi hukopesha vyombo huru vya habari, na pamoja na mkopo huwafundisha wenye vyombo namna ya kuweka hesabu, kuuza na kusambaza. Mkopo hurudishwa. Anayejua kwamba atarudisha hununua mtambo utakaozalisha, wala hanunui gari la fahari. Zawadi hulewesha, na deni lililopimwa vizuri hufundisha mwendo.

DENI LILILOSOMWA NG'AMBO

Wapo watakaotuuliza: askari anapungukiwa nini gazeti la raia likifa njaa? Jibu liko Msumbiji kwenyewe.

Katika miaka ya 2013 na 2014 makampuni matatu, ProIndicus, EMATUM na MAM, yalikopeshwa na mabenki ya nje zaidi ya dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali. Mikopo hiyo ilichukuliwa kwa jina la kulinda pwani, kuvua jodari na kutengeneza meli. Mkopo wa EMATUM ulijulikana mapema, na magazeti ya Maputo yaliuhoji. Lakini mikopo ya makampuni mengine mawili ilifichwa hata Bunge lisijue, na wananchi walianza kuifahamu mwezi Aprili 2016 kutoka katika magazeti ya ng'ambo. Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili walisimamisha misaada, thamani ya fedha ya nchi ikaanguka, na maisha yakawa magumu kwa raia na kwa askari pia. Desemba 2022 mahakama ya Maputo iliwatia hatiani watu 11, miongoni mwao Gregório Leão, aliyekuwa mkuu wa idara ya usalama wa taifa, ambaye alihukumiwa kifungo cha miaka 12.

Tuupime uchungu wa jambo hilo. Fedha zilikopwa kwa jina la ulinzi. Mwezi Oktoba 2017, wapiganaji wenye silaha waliposhambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, mji wa pwani, polisi waliouawa hawakuwa wametetewa na hata senti moja ya bilioni hizo. Na taifa lililodaiwa lilisoma deni lake katika magazeti ya watu wengine. Kuchimbua mkopo wa kimataifa kunataka miezi ya kazi, wakili wa kusoma mikataba, na nauli ya ndege. Gazeti linalohangaika kulipa mishahara ya mwezi huu litavipata wapi?

Siri za vita ni siri, nasi hatumtetei mwandishi anayetangaza mahali kikosi kilipo au saa kitakapoondoka. Lakini wizi unaofanywa kwa jina la ulinzi si siri ya jeshi. Ni adui wa jeshi aliye nyuma ya mstari, na anayemfichua amelisaidia jeshi.

RADIO ZA KASKAZINI

Huko Cabo Delgado, mahali ambapo gazeti la Maputo halifiki, kazi ya habari hufanywa na radio ndogo za jamii. Vituo hivyo hutangaza kwa lugha za wenyeji. Hujipatia riziki kwa vijisenti: tangazo la msiba, la kitambulisho kilichopotea, la duka jipya, salamu za harusi. Watangazaji wengi ni watu wa kujitolea. Vita vilipoingia mwaka 2017, vijisenti hivyo navyo vilikauka, kwa maana wenye maduka walikimbia pamoja na wasikilizaji.

Tarehe 7 Aprili 2020 mtangazaji wa radio ya jamii ya Palma, Ibraimo Mbaruco, alimpelekea mwenzake ujumbe wa simu kwamba amezungukwa na askari. Tangu siku hiyo hajaonekana. Mwezi Oktoba mwaka huo huo washambuliaji walivuka Ruvuma wakaua watu katika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 2021 Palma yenyewe ilishambuliwa, simu zikakatika, na kwa siku kadhaa hata jamaa za watu hawakujua nani yu hai na nani amekufa.

Askari wetu waliokwenda huko katika kikosi cha SADC kati ya mwaka 2021 na 2024 wanajua kwamba mahali pasipo na habari ya kweli, uvumi ndio unaotawala. Uvumi huwakimbiza watu porini wakati njia ni salama, na huwatuliza nyumbani wakati hatari inakuja. Mtangazaji anayeaminiwa na kijiji ana thamani ya doria nzima. Askari anayemwona kuwa adui amejitoboa macho mwenyewe.

YATUPASAYO

Basi lifanyike nini? Kwa maoni yetu mambo matano yanahitajiwa, nayo yanaihusu Msumbiji kama yanavyozihusu nchi nyingine zinazofanana nayo.

Kwanza, gazeti lijenge walipaji wengi wadogo kama walivyofanya wale wa faksi. Siku hizi simu ya mkononi inaweza kulipa kiasi kidogo sana, na lililokuwa la wenye ofisi linaweza kuwa la wenye vibanda. Pili, matangazo ya serikali yagawanywe kwa kanuni iliyoandikwa na kutangazwa, wala yasiwe fimbo mkononi mwa mkubwa. Tatu, ada za vibali ziwe za kuandikisha, zisiwe za kunyonga. Amri ya serikali ya Msumbiji ya mwaka 2018, iliyopandisha mno ada za vyombo vya habari na za waandishi, ilipingwa kwa haki. Nne, wafadhili watoe mikopo na vifaa, kama vile umeme wa jua kwa radio za vijijini, na waseme tangu mwanzo siku watakayoondoka. Tano, magazeti yenyewe yaweke hesabu zao wazi, maana anayedai hesabu za wengine hana haki ya kuficha zake.

Sisi tunaandika katika gazeti la umma, na tungekuwa wanafiki kama tungejifanya kwamba tunaijua njaa ya wenzetu. Gazeti la umma lina kazi yake, nayo ni kubwa. Lakini nyumba yenye dirisha moja huona upande mmoja tu, hata dirisha hilo likiwa safi kiasi gani.

Wako wanaosema kwamba magazeti huru huandika uongo na hununuliwa. Ni kweli kwamba mengine hununuliwa. Lakini tujiulize hununuliwa kwa nini. Polisi anayekaa miezi bila mshahara huanza kusimamisha magari barabarani, na mwandishi asiyelipwa huanza kupokea bahasha. Wote wawili walianza kazi wakiwa watu wema. Tiba ya polisi huyo si kumfukuza na kuiacha barabara bila ulinzi. Ni kumlipa vizuri, kisha kumhukumu bila huruma akikosa tena. Kwa mwandishi hakuna tiba nyingine.

Ndugu zetu wa majeshi na polisi wanaweza kudhani kwamba katika hili hawana la kufanya. Wanalo. Bwalo la askari linalolipia nakala zake badala ya kuazima, kituo cha polisi kinacholipia tangazo lake katika radio ya kijiji kama mteja mwingine yeyote, ofisa anayejibu swali la mwandishi badala ya kumfungia lango, hao nao wametia chembe katika kibaba. Hazitaonekana siku ile ile. Zitaonekana siku ambayo mtu mwenye fedha za wizi atataka kununua ukimya, akute kwamba ukimya huo una wenyewe wengi mno, naye hana fedha za kuwatosha wote.